Tableti ya Heshima

Nilimwambia Pasta Védaste mbele ya watu, dukani kwa Papa Cirimwami pale Ndosho, wala sikunong'ona: nataka ile tableti ndogo. Ndogo ya kuingia kwenye mkoba chini ya kitenge, yenye sauti ya kusikika, na batri ya kunifikisha jioni bila kuomba umeme kwa mtu. Mimi ndiye ninayekwenda kambini Kanyaruchinya kuwasomea Neno watu waliokimbia vita. Yeye huonekana huko wageni wakija kupiga picha.

Biblia yangu na kitabu cha nyimbo viliungua pamoja na nyumba yangu ya Buhene, volkano iliposhuka. Tangu hapo nasomea kwenye simu iliyopasuka kioo, na wazee wasiojua kusoma hunisogelea mpaka tunagongana vichwa. Waumini walinichangia kifaa. Wauza makaa walichanga, wauza ndizi walichanga. Ndiyo maana nilikuwa na haki ya kupandisha sauti.

Papa Cirimwami, mtu wa upande wa Bukavu asiyependa mteja aondoke mikono mitupu, aliniwekea ile ndogo mkononi. Ilikuwa imeshatumika na ina mkwaruzo kwenye kona, lakini ilipoanza kusoma zaburi kwa Kinyarwanda, motari wa pikipiki aliyekuwa nje aligeuza kichwa.

"Hii itakufaa, Mama Laurence," akasema. "Na bei yake haitakuumiza."

Pasta hata hakuitazama. Alikuwa ameshika nyingine, pana kama sahani ya wali, yenye kava ya bluu.

"Hii ndio ya heshima," akasema. "Mutumishi wa Mungu hawezi kutembea na kitu ya mutoto."

"Pasta, kule kambi, mutu mwenye kushika kitu kama hii ni mutu wa mashirika. Batu batawaza tunakuya kuandika majina ya chakula."

"Tutabaeleza."

"Na mwenye ataacha kazi yake akimbie kwetu? Tutamueleza nini?"

"Mama, weye unapenda kubishana sana."

Bei ilizidi mchango. Pasta akajazia kwa pesa iliyotengwa kuwa nauli yangu ya moto, pikipiki ya kunifikisha kambini. Yaani kifaa cha huduma kikala miguu ya huduma, na yeye akatoka dukani anakipangusa kwa leso.

Siku ya kukizindua alitaka kuja mwenyewe. Alipanda moto, mimi nikatembea. Nilipofika nilikuta watu wa mashirika ya misaada wako kambini kweli, chini karibu na barabara, wanaandikisha watu wapya waliotoka Rutshuru. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Nikamsihi Pasta tungoje wamalize. Akasema Injili haingojei unga, akapanda kwenye mawe meusi ya volkano na kuitoa tableti yake.

Hakuwa amefungua hata mstari mmoja. Watu walikuja, wanawake wenye watoto mgongoni, wanaume wenye kadi zao mkononi, wakajipanga mbele yake bila kuambiwa.

"Papa, andika: Munezero Théogène. Tuko na bibi na batoto."

Nilimtazama Pasta usoni. Alikuwa anatabasamu.

"Unaona?" akaniambia. "Hatujapata batu bengi hivi."

"Baambie ukweli."

"Baache kwanza basikie Neno."

Kisha akaanza kuandika majina. Kuandika kabisa, kwa kidole kimoja, huku akisema ni majina ya kondoo wa Bwana. Nikapanda jiwe lingine nikapiga kelele: "Hapa hakuna chakula! Siye ni ba kanisa! Murudie kule chini!" Walinitukana. Mmoja alisema natisha watu ili ndugu zangu wapate nafasi ya mbele, na wenzake wakaitikia kwamba ndiyo, wanawajua watu wa aina yangu.

Ndipo nikamwona Niyonsenga, mjane niliyekuwa nikimsomea kila nikija. Alikuwa amefika kambini na mapacha wake baada ya watu wengine kuandikwa, na tangu hapo walikuwa wakila makombo ya majirani. Alikuwa anasubiri siku hii tu.

"Unafanya nini huku?" nikamuuliza.

"Nilikuwa karibu na meza, mama. Nikaona batu banakimbia huku, nikaona na weye. Nikasema, kama Mama Laurence iko pale, habawezi kutudanganya."

Nilimsukuma. Nilimwambia kimbia. Alikimbia na mtoto mmoja mgongoni, wa pili akimburuta kwa mkono juu ya yale mawe, na Pasta akaendelea kuhubiri kuhusu mikate na samaki. Haya wala siongezi chumvi. Mikate na samaki.

Alirudi akitembea taratibu. Gari lilikuwa limeshaondoka, meza zimekunjwa.

"Bamefunga," akasema. "Banasema tungoje ingine. Habajui siku gani."

"Bwana atatoa, mama," akasema Pasta.

Nikamnyang'anya tableti. Hakupambana, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama.

Niyonsenga akaketi kwenye jiwe mbele yangu, akamshusha mtoto mapajani. Hakumtazama Pasta hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Basi soma," akasema. "Soma mpaka batri iishe. Batoto bangu habana kitu ingine ya kula leo."

Kioo kilikuwa bado kwenye yale majina, na la mwisho lilikuwa la Niyonsenga, aliyeandikwa kabla sijamsukuma. Pasta akainama sikioni mwangu, akaninong'oneza nichague zaburi ya faraja. Nikamwambia afunge mdomo, kwa sauti, mbele ya kondoo wake wote, na mpaka leo sijamwomba msamaha.