Jino la Juu Limekwisha Kuvaa

Usiku wa jana niliota nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, huku binti yangu Salha akiwa begani mwangu akiuma kola ya shati. Hakuna mwanafunzi aliyeshangaa, kwa kuwa wote walikuwa wamelala.

Jambo hilo lilinitia shaka. Tangu ufizi wa Salha uanze kuvimba, hulala kidogo, hushtuka, hulia na kujivuta sikio, na mimi na mama yake, Thuwaiba, tumekuwa tukipokezana zamu kama walinzi wa ghala. Usingizi wote ule lazima umekwenda mahali. Sasa nilikuwa nautazama ukumbi mzima ukikoroma.

Nikawauliza, kwa utaratibu, ni nani kati yao aliyeingia na usingizi usio wake. Kijana wa safu ya mbele akajibu bila kufumbua macho kwamba wa kwake alitoka nao bwenini, na kwamba ikiwa swali hilo halimo katika mtihani, angependa kuendelea.

Nikageuka kuandika ubaoni. Ubao ulikuwa mlango wa friji yetu, nami nilikuwa jikoni kwangu. Nikaufungua. Ndani kilikaa kijiko tunachokipoza ili kimtulize Salha ufizi, na kando yake karoti ambayo tulionywa tusimpe asije akapaliwa. Walikuwa hawasemeshani.

"Mwalimu, usinitazame hivyo," kijiko kilisema. "Nimekaa baridini tangu Jumatatu kwa ajili ya mtoto huyu. Ningekuwa na usingizi, ningejifunika."

Karoti ikasema kwamba yeye hata hakujaribiwa, na kwamba asiyejaribiwa ndiye hushukiwa daima. Kijiko hakikumjali. Kilishusha sauti, kikaniambia nisitafute jikoni bali kinywani, tena nifanye haraka kabla shangazi yangu hajaamka.

Nilielewa kilichomaanishwa. Shangazi Mwanahawa, dada yake marehemu baba, aliwasili jana kutoka Pangani akasema amekuja kumwona mtoto. Nilijua anachotaka kukiona. Katika ukoo wetu, jino la chini ndilo hutangulia. La juu likitangulia, mtoto huitwa kigego, mwenye nuksi, na jina hilo halimtoki. Baba mdogo Seifu alikuwa kigego. Shangazi, akiwa msichana, ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni, mpaka siku walipompeleka Muheza akalelewe na watu wasio ndugu zake. Alipokua, akija harusini, alikula baada ya wageni kuondoka.

Mimi nimesoma, na ninawafundisha wengine, kwamba jino halina nia. Hata hivyo, jana kutwa nilikuwa natafuta sababu za kumzuia Shangazi asimpakate Salha penye mwanga. Ufizi wake wa juu ulikuwa mweupe kuliko wa chini.

Salha akapiga mwayo, nami nikawa nimesimama ndani.

Sakafu ni ya moto na laini, imevimba. Dari nayo imevimba. Ulimi haupo, naliona hilo kuwa la kutiliwa shaka, lakini sina wa kumuuliza. Chini ya sakafu mtu anakoroma. Napiga magoti, natega sikio, kisha nafunua kidogo.

Jino la chini limelala chali. Limejifunika usingizi wa Salha. Wa Thuwaiba limeukunja na kuufanya mto. Wangu limeutupia miguuni. Niliutambua kwa ufupi wake.

Nikabisha. "Bado," likasema.

Nikalieleza, hoja baada ya hoja, kwa nini linapaswa kutoka leo. Likazidi kulala. Jambo hili hunipata kazini pia.

"Usijisumbue," sauti ilisema kutoka juu.

Jino la juu lilikuwa limekaa kwenye ukingo wa dari, limeoga, limefunga vifungo mpaka shingoni. "Mimi nimekwisha kuvaa," likasema.

Nikaliomba lisubiri kidogo. Likajibu kwamba limesubiri tangu wiki iliyopita, na likauliza ni nani aliyeniambia kwamba lina ubaya. Nikasema sijasema hivyo.

"Lakini umesimama mlangoni, na mikono umeitandaza."

Ilikuwa kweli.

"Unajua watakavyomwita mwanangu," nilisema.

"Najua. Ndivyo walivyomwita Seifu nilipotoka kwake." Halikuwa na hasira. "Mimi nilimsaidia kung'ata andazi. Aliyemfungia nguo zake kwenda Muheza si mimi."

Kabla sijajibu, mwanga ukazibwa. Kidole gumba cha Shangazi kiliingia, kikubwa kama kabati, kikinukia mafuta ya nazi. Kikaanza kupita sakafuni taratibu, kikibonyeza hapa na pale, kikitafuta.

"Rudi ndani," nikalinong'oneza jino la juu.

"Nikirudi leo, nitatoka kesho. Utasimama hapa mpaka lini?"

Nalifikiria swali hilo kama linavyostahili. Nashusha mikono.

Jino linateremka. Linakichoma kidole mgongoni, chini kidogo ya kucha, nacho kinasimama.

"Mwanahawa," jino linasema kwa upole, "ni mimi. Unanikumbuka."

Kidole hakina namna ya kujibu. Lakini hakikubonyeza tena. Kilikaa pale muda mrefu bila kutikisika, kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni na hataki kumwamsha. Chini ya sakafu, yule mlalaji akauliza kama kumekucha, akatupa mashuka yote upande mmoja. Nikauokota usingizi wangu, nikatoka.

Nilipoamka, jua lilikuwa limefika kwenye pazia na Salha hakuwapo kitandani. Nilikwenda sebuleni haraka. Shangazi alikuwa ameketi mkekani, Salha amelala fofofo mapajani pake, mdomo wazi. Thuwaiba alisimama mlangoni na kikombe cha chai asichokinywa, akimkodolea macho Shangazi kama anayemwangalia fundi asiyemwamini.

Nikamwamkia. "Marahaba, baba," alisema Shangazi. "Nimemtazama mtoto."

Nikangoja.

"La chini limetangulia. Nimelishika kwa mkono wangu huu. Mtu akikuuliza, mwambie Mwanahawa ndiye kaliona, na asiyeamini aje Pangani anitazame usoni."

Thuwaiba alishusha pumzi, akanywa chai.

Niliinama kumpokea Salha. Katika ufizi wa juu kulikuwa na ncha moja nyeupe, safi. Chini hapakuwa na kitu ila wekundu.

Nilinyanyua macho. Shangazi aliuvuta upindo wa kanga kuufunika mkono wake wa kulia, lakini alichelewa. Mgongoni mwa kidole gumba, chini kidogo ya kucha, palikuwa na kidonda kibichi, kidogo kama punje ya mchele.

"Umeumia, shangazi?"

"Mlango," alisema. Kisha akanitazama kwa mashaka, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi mwenzake.