Mstari wa Saba

Miche sitini ya mstari wa saba ilikuwa imenawiri kupita kiasi, na katika kituo cha utafiti wa miti ni mtu mmoja tu aliyejua kwa nini. Mtu huyo ni Mama Miche, msimamizi wa kitalu, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu ambaye hakuwahi kuchelewa kazini wala kusema uongo wa maana mpaka mwaka huu.

Kazi yenyewe haina huruma, tuseme ukweli. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia msituni ukaiangusha miti ya mikongo mmoja baada ya mwingine: majani yanageuka manjano, gome linapasuka, ukikata unakuta ndani kumekuwa kweusi. Dawa hakuna. Kilichobaki ni kutafuta ile michache iliyozaliwa na ukaidi wa kutokufa, na njia ni moja. Unakuza miche, unachanja kila shina kwa wembe, unadondosha tone la maji yenye kuvu ya ugonjwa, unafunga utepe na kusubiri miezi sita. Inayokufa inachomwa moto, inayobaki ndiyo inayozalishwa kwa ajili ya msitu. Mstari mmoja tu huchanjwa kwa maji safi, uwe wa kulinganishia.

Mbegu za mstari wa saba zililetwa na kaka yake Mama Miche. Mtaa mzima ulimwita Kima kwa kuwa hakuna mti uliowahi kumshinda, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa juu ya mkongo wa upande wa mtoni, mfuko wa maganda ya mbegu begani, tawi likakatika. Nyonga ilivunjika mahali pawili. Maganda hayakupotea hata moja, maana alianguka ameyakumbatia. Tangu hapo alilala chumba cha nyuma kwa dada yake, na kila jioni swali lake kuhusu miche lilikuwa lile lile: "Wanangu wanaendeleaje?"

Basi siku ya kuchanja, Mama Miche alifika mstari wa saba na bomba la sindano, mkono ukagoma. Chupa mbili zilikuwa mezani. Akavuta ile ya maji safi. Alijiambia kwamba Kima akipata nafuu, yeye mwenyewe atalirekebisha kosa hilo, kama wote tunavyojiambia. Miezi sita ikapita.

Sasa Daktari, mtaalamu wa magonjwa ya miti na bosi wake, alikuwa amechuchumaa mbele ya mstari huo akipapasa majani.

"Sitini kwa sitini," alisema. "Miaka kumi na minne sijaona kitu kama hiki. Jumatatu lori linakuja. Tunaanza kuzalisha huu peke yake, msitu mzima."

Mtu wa elimu yake alipaswa kushtuka, lakini alishachoma miche elfu nne kwa mikono yake na alikuwa na kiu ya habari njema. Mama Miche aliogopa kufukuzwa kazi, hilo lipo. Kilichomtisha hasa ni kuwaza mlima mzima wa mikongo ya uongo, inasimama miaka michache, kisha inanyauka yote kwa mkupuo.

Jioni ile aliketi ukingoni mwa kitanda cha Kima.

"Kaka, nina neno."

"Kama umenipatia mchumba, sema taratibu, nisije nikasimama."

"Wanao sikuwachanja. Niliwatia maji matupu."

Kima alimtazama mpaka dada yake akainamisha kichwa. "Kwa nini?"

"Nilikuonea huruma."

"Nimelala hapa nikiamini nilianguka kwa kitu cha maana," Kima alisema, na mara hii hakukuwa na utani. "Kumbe hujui. Na mimi sijui. Wangekufa, ningelia nikamaliza."

"Nisamehe, kaka."

"Ukishawachanja. Na uwachanje wewe mwenyewe, usimsukumie mtu."

Jumatatu alimwahi Daktari kabla ya lori, akamweleza yote bila kuzunguka. Daktari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ningeipanda," alisema. "Unajua hilo? Ningeipanda yote."

"Najua."

"Nitaandika barua ofisi kuu."

"Andika. Ila naomba kwanza chupa ya ugonjwa."

Alijikaza akaanza. Wembe, tone, utepe, sitini, bila kuruka hata mmoja. Machozi yalimtoka, hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa michafu. Barua ilijibiwa: akavuliwa usimamizi, akabaki kibarua wa kawaida kwenye kitalu alichokijenga mwenyewe. Hakukata rufaa.

Mwezi wa pili baada ya kuchanja, majani yakaanza kuwa manjano. Mwezi wa nne alikuwa akibeba miche iliyokufa kwa toroli hadi shimoni, na jioni alimtajia Kima hesabu kamili, hata siku alizotamani kuipunguza. Mwezi wa sita Kima alikuja mwenyewe kwa magongo.

"Wangapi?"

"Wanne."

Miche hiyo ilikuwa imepinda, mifupi, kila mmoja na kovu nene ubavuni pale gome lilipojifunga juu ya ugonjwa. Hakuna ambaye angeichagua kwa macho. Kima aliinama kwa shida, akaweka kidole kwenye kovu, akalia waziwazi, na dada yake akamwacha alie.

"Wanne hawatoshi msitu," alisema baadaye.

"Hawatoshi. Daktari anasema kule mlimani kuna mkongo mmoja bado wa kijani. Una maganda."

"Na nani atapanda juu? Mimi ndiyo huyu."

"Nitapanda mimi. Wewe utasimama chini unielekeze."

Kima alimkagua dada yake toka kichwani hadi miguuni, mwanamke mnene asiyewahi kupanda hata stuli bila kushikiliwa.

"Vua viatu," alisema. "Tuanze na mti huo wa getini."