Hektari Tatu Ng'ambo ya Reli

Ntumba alifika kwenye ofisi ya kilimo, pale Manika, mtaa wa Kolwezi, kabla mlango haujafunguliwa. Mwaka ule serikali iliahidi ruzuku kwa kila aliyepanda mahindi: nusu ya fedha baada ya shamba kupimwa, na nusu ya pili mahindi yakionekana yamekaribia kukomaa. Yeye, mjane, alikuwa na hektari tatu ng'ambo ya reli. Agronomu Kalumba, mtaalamu wa kilimo wa serikali, alizipima mwenyewe mwezi wa Desemba, akala kuku wa Ntumba, kisha akaandika jina la Ntumba daftarini, mwenyewe akiona.

Lakini sasa ilikuwa Machi 1993. Watu walikuwa wameaminishwa kwamba wenye asili ya jimbo la Kasai, kama Ntumba, ndio waliokula nchi, na vijana wenye mapanga walipita nyumba kwa nyumba wakiwafukuza. Maelfu walikuwa wamelala stesheni wakingoja treni.

Kalumba akasoma majina ya watakaopokea nusu ya kwanza. Alipofika kwenye hektari tatu za ng'ambo ya reli, akasoma: "Fidélie."

Ntumba alidhani amesikia vibaya. Fidélie alikuwa jirani yake kwa miaka kumi na miwili. Walipalilia pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Sasa alimpita bila kugeuza shingo, akatia sahihi, akapokea.

"Tata Kalumba, ile shamba ni yangu. Wee mwenyewe uliipima."

"Shamba ni ya wenye inchi, mama. Wee rudia kwenu."

"Kwetu ni wapi? Mi nilizaliwaka hapa hapa Kolwezi. Kasai sijaiona hata na macho."

Nyuma mtu akacheka. Mwingine akamsukuma bega. "Kilulu, toka!" Kilulu, yaani mdudu: ndivyo walivyoitwa watu wa asili ya Kasai siku zile.

Akamkuta Fidélie nje anakunja noti ndani ya kitenge.

"Ungekuja kuniomba, Fidélie. Ningekupatia."

"Mi niombe kilulu?" Fidélie akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Utabeba shamba mu treni? Enda."

Ntumba hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja stesheni, akapita katikati ya mabunda, magodoro na wagonjwa, akapaza sauti: "Nani iko na njaa? Niko na mahindi mabichi. Mukuje na mifuko!"

Walimfuata mchana kweupe, watu zaidi ya mia mbili, hata wazee wenye fimbo. Ilipofika saa nane hapakuwa tena na hindi hata moja shambani. Kisha Ntumba akaazima panga kwa mmoja wao, akaanza kukata mabua, mstari kwa mstari. Moyo ulimuuma, maana kila mstari alikuwa ameulima kwa mikono yake, lakini hakuacha. Hakutaka libaki hata bua moja la kuonyeshwa serikali.

Jioni Fidélie alikuja mbio, na Kalumba nyuma yake.

"Mwizi! Umeiba mahindi yangu!"

"Andika, tata agronomu," Ntumba akasema. "Andika yenye unaona."

Kalumba alitazama mabua yaliyolala, akafunga daftari lake, akaondoka bila kumuaga yeyote. Nusu ya pili isingelipwa. Fidélie akaokota donge la udongo mgumu, akalirusha; likampiga Ntumba sikioni, damu ikachuruzika. Ntumba akainua panga. Wakatazamana hivyo, kila mmoja akihema. Mwishowe Ntumba akalishusha, si kwa huruma, bali kwa kuwa mkono ulikuwa umechoka kabisa. Akarudi stesheni.

Treni ilikuja siku ya tisa. Ilikwama njiani siku nne, na watoto wawili wa behewa lake wakazikwa kando ya reli. Ntumba alifika Mwene-Ditu, mji wa Kasai asioujua, sikio moja likiwa halisikii tena.

Mwaka uliofuata, mwanamke aliyetoka Kolwezi alimwambia kwamba Fidélie amepanda mihogo kwenye zile hektari tatu.

"Imeota?"

"Imeota muzuri sana, mama."

Ntumba akatema mate chini, akamwomba asimulie habari nyingine.