Mikizi wa Mgeni

Waliohudhuria kikao cha Jumamosi ile ya Julai 1972, katika chumba cha darasa la tatu, walikuwa watano: Ndugu Mohamedi Chilumba, mwenyekiti wa kijiji, Bibi Zuhura Nantauka, katibu, Mzee Hassani Likomanje, mkuu wa diko ambako mitumbwi hushushia samaki, Bibi Deolinda Ntaluma, mkausha samaki, na Bwana Elia Namalenga, msaidizi wa utafiti wa samaki.

Aliyechoka kuliko wote alikuwa huyo wa mwisho. Alijikunja kwenye dawati la mtoto, na mbele yake kulikuwa na kitabu cha jalada jeusi alichokijaza kwa mkono wake mwenyewe, safu baada ya safu, mistari yote ikiwa imepigwa kwa rula na wino mwekundu. Kitabu hicho kilikuwa kimemgharimu miezi kumi na minane na homa tatu.

Kituo cha utafiti cha Mtwara kilikuwa kimemleta huku chini ya Mahurunga, pale maji ya Ruvuma yanapoanza kuonja chumvi, ili ajibu swali moja tu. Kijiji kiliomba nyavu kumi na mbili za macho madogo. Je, nyavu hizo zingevua mikizi waliokwisha kuzaa, au zingewamaliza kabla hawajazaa? Zikatolewa mbili za majaribio, naye akaagizwa akae apime zinacholeta. Aliahidiwa kwamba akikabidhi kitabu kilichokamilika, atahamishiwa kwenye mabwawa ya samaki kule Masasi. Masasi ndiko alikokuwa mkewe Raheli, na binti yao aliyejifunza kutembea baba yake hayupo. Katika barua ya mwisho Raheli hakulalamika. Aliandika tu: "Ulisema Agosti. Nimeshamwambia mtoto."

Elia akasoma matokeo kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Samaki elfu moja na themanini walipimwa, thelathini kwa kila siku ya kupima, siku mbili kila mwezi. Urefu wa wastani ulikuwa sentimita thelathini na nane. Katika kila majike kumi, tisa walikuwa na mayai yaliyopevuka au walikwisha kuyataga.

"Kwa hiyo," alisema, "nyavu hizi haziwadhuru wachanga."

"Alhamdulillahi," akasema mwenyekiti.

Mzee Hassani akacheka kwa raha. "Mtazameni Mmakua wa Masasi. Alikuja hapa anamjua samaki mkavu tu wa mnadani. Leo anatusomea matumbo ya mikizi kama kadhi anayesoma hati."

"Mzee Hassani, mwache amalize," akasema Zuhura, naye anacheka.

"Si amemaliza? Anataka kwenda kwa mkewe huyu. Mwone shingo ilivyopungua."

Hapo Deolinda akainua mkono, kama wafanyavyo watoto katika chumba kile. Alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya mto, aliyevuka na wanawe mwaka vita vilipoanza, na katika vikao hakuwa na mazoea ya kusema.

"Bwana Samaki, nauliza. Wale wangu umewaandika ukurasa gani?"

"Wako wepi, mama?"

"Wale wadogo ninaokausha. Mtumbwi ukifika, mimi nachukua matenga mawili, siku nyingine matatu. Nimesikiliza mpaka mwisho, sijasikia ukiwataja."

Kalamu ya Zuhura ikasimama. Elia akamgeukia mkuu wa diko, polepole.

"Mzee Hassani, hao wadogo wanatoka kwenye nyavu zipi?"

"Hizo hizo mbili."

"Mbona mimi siwaoni?"

Mzee Hassani hakuona haya. Aliona ajabu. "Ungewaonaje, baba, nasi tulikuwa tukikuchagulia? Mgeni ametumwa kutoka mbali, amekaa kivulini na ubao wake wa kupimia, umpelekee samaki wa urefu wa kidole? Hata kwangu, mgeni akipewa mkia, mke wangu hapati usingizi. Sisi tulikuwa tukishindana, kila mtumbwi utoe wakubwa wake wapelekwe ubaoni. Mvuvi wetu Zeferino, siku akizidiwa, hasemi na mtu mpaka kesho."

Elia akafumba macho. Chuoni walifundishwa jambo hili kabla ya mengine yote: tia mkono ndani ya tenga bila kuangalia, uchukue wa juu, wa katikati na wa chini. Siku mbili za kwanza za kupima alifanya hivyo, akizama magotini kwenye tope la mikoko. Kisha ikaja homa. Wavuvi wakamwekea kiti bandani, wakamwambia kaa, tutakuletea. Alikaa. Homa ilipoondoka, yeye hakuondoka kitini. Hakuna aliyemdanganya. Alikaribishwa kwa heshima, na heshima ile ilikuwa tamu kwa mtu aliyechoka.

"Mama Deolinda, wa leo wako wapi?"

"Nje hapo. Bado sijawatia chumvi."

Tenga likaingizwa, likawekwa sakafuni. Elia akachukua rula ya mbao iliyokuwa mezani kwa mwalimu, akageuza uso ukutani, akatia mkono. Alifanya hivyo mara thelathini, naye Zuhura akaandika. Sentimita kumi na moja. Tisa. Kumi na mbili. Tisa tena. Kila alipopasua tumbo kwa wembe, palipopaswa kuwa na mayai palikuwa na uzi mwembamba, mweupe, usio na kitu. Katika thelathini wale, waliokuwa wamepevuka walikuwa wawili.

Akafuta mikono kwa leso. Nzi wakalizoea tenga.

"Bwana Elia," Mzee Hassani alianza, safari hii bila mzaha, "katika kitabu hicho kuna uongo?"

"Hapana. Kila samaki aliyeandikwa alikuwapo."

"Mimi ni shahidi yako. Basi kipeleke. Sisi tuna vinywa vya kulisha. Tupate nyavu, wewe upate mkeo. Nani atalia?"

"Mimi," akasema Deolinda.

"Wewe ndiye unayekula kwa hao wadogo, dada."

"Ndiyo maana nawajua. Nawahesabu ninapowapanga chanjani wakauke. Nyavu zilipokuja, tenga lilijaa kwa samaki mia mbili. Sasa halijai mpaka mia nne. Nilidhani macho yangu ndiyo yanayozeeka, kila siku naona samaki amepungua. Nikaona haya kuuliza."

Mzee Hassani akaliinamia tenga, akamwinua mmoja kwa vidole viwili, akamrudisha. Alikuwa mvuvi tangu utotoni, kama babake enzi za Mjerumani, na hesabu kama hiyo hakuhitaji kusomewa.

Mwenyekiti akakohoa. "Uamuzi wa kitabu si wetu," alisema. "Ni wa aliyekiandika. Bwana Elia, tukusikilize."

Elia hakusimama mara moja. Alikitazama kitabu. Kilikuwa kizuri, na pale kituoni hakuna mkubwa ambaye angeshuka hadi topeni kuuliza samaki walichaguliwaje. Wangepiga muhuri. Mwezi mmoja baadaye angekuwa Masasi, amekaa barazani, mtoto akimkaribia kwa hatua za wasiwasi. Aliona pia nyavu kumi na mbili zikitandazwa mdomoni mwa mto, na matenga yakijaa kwa mia tano, kwa mia nane, kisha yasijae kabisa. Alitafuta ndani yake hasira dhidi ya mtu fulani, kwa kuwa hasira ingemtia nguvu. Hakuipata. Alipata uchovu tu, nao ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hata kujidanganya aliona ni kazi.

Akasimama, akalishika dawati kwa mkono mmoja.

"Ndugu Mwenyekiti, na ninyi nyote. Kitabu hiki hakitakwenda Mtwara kama matokeo. Nitaandika kwamba ni kitabu cha samaki waliochaguliwa, na kwamba kosa ni langu, wala si la diko. Nyavu kumi na mbili zisitolewe kwa neno langu. Zile mbili zitashuka majini siku za kupima tu. Uhamisho wangu nauomba usogezwe mwaka mmoja, na mke wangu nitamwandikia leo. Jumatatu, maji yakianza kupwa, naanza upya, ndani ya mtumbwi, kabla mkono wa mtu haujagusa samaki."