Mvua Iliyofuata Jezi

Jumamosi saa moja kasorobo asubuhi Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya hema la timu, akipima upepo wa matairi kwa kidole gumba kwa sababu kipimo kilikuwa kimekufa. Baiskeli tatu za milimani zilining'inia kwenye bomba la chuma mfano wa nguo zilizoanikwa. Jua lilikuwa limeshatoka, njia ilikuwa kavu, na Kocha alikuwa anagawa jezi za kijani zenye jina la kiwanda cha ngozi kifuani, mgongoni na kwenye mikono yote miwili.

"Matairi membamba leo," Kocha alisema. "Mvua haipo."

Mwanamke waliyemwita Spoki alivaa jezi yake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya wembamba wake, ila miguu ilikuwa hadithi nyingine. Siku za kazi alisambaza mikate madukani kwa baiskeli, kreti mbili nyuma na moja mbele, na alikuwa ameshapanda kilima cha mtaani kwao mara nne kabla watu hawajanywa chai. Alipenda mbio, lakini safari hii alikuwa na jambo lake. Mdogo wake, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja aliyeishi naye katika vyumba viwili, alifanya kazi kwenye mapipa ya kiwanda hicho, yale ya kulowekea ngozi mbichi ili manyoya yatoke. Mikono yake ilikuwa imechubuka mpaka viwikoni. Wiki iliyopita Mkurugenzi wa kiwanda alimpigia Spoki simu mwenyewe, akamwambia kwamba akishinda, mdogo wake atahamishiwa ghalani, mahali pakavu.

Mbio za Jumamosi zilikuwa za mchujo, mizunguko minne ya kupanda mlima na kushuka msituni. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili, Spoki alipofika kileleni, lilitanda wingu dogo la rangi ya chai ya rangi, likashuka karibu kabisa na kofia yake ngumu, likaanza kunyesha.

Mvua yenyewe ilikuwa ya vuguvugu. Ilinuka chokaa, mafuta yaliyooza na kitu kingine ambacho Spoki alikijua vizuri, kwa sababu kila jioni mdogo wake alikileta nyumbani kwenye nywele. Ndani yake kulikuwa na manyoya mafupi ya ng'ombe. Yaliganda kwenye miwani, yakaingia masikioni, yakalala kwenye ulimi. Spoki alitema mate, akavuta pumzi kwa mdomo kwa kuwa alikuwa anapanda, akatema tena. Mita tatu mbele yake mpanda baiskeli wa timu nyingine alikuwa juani, vumbi likimtoka nyuma ya gurudumu.

Mvua ilinyesha juu ya wapanda baiskeli watatu wa jezi za kijani, juu ya Kocha, na juu ya hema. Kwingine kote kulikuwa kukavu. Mwamuzi alikitazama kipaza sauti chake, akatangaza kwamba hali ya hewa ni mchanganyiko na timu inayohusika inashauriwa kubadilisha matairi.

Spoki alimaliza mbio akiwa nafasi ya pili. Aliinama nyuma ya hema akatapika, kisha akafuta mdomo kwa kiganja, akakiona kiganja kimejaa manyoya, akatapika tena. Fundi alimletea ndoo ya maji.

"Pole, dada."

"Nisugulie mgongoni, Fundi. Naona kama kuna kitu kinatembea."

"Hakitembei. Ni mafuta tu, yanateleza."

Fundi aliosha baiskeli kwa saa mbili nzima. Manyoya yalikuwa yamejisokota kwenye mnyororo na giya, ikabidi ayatoe moja moja kwa msumari. Kocha, aliyekuwa amevua jezi na kukauka, alisimama kando ameziba pua.

"Ukivua, inaacha," Spoki alimwambia.

"Nimeona."

"Basi kesho niruhusu nikimbie na fulana yangu."

"Kamuulize Mwamuzi."

Mwamuzi alikuwa mtu mpole aliyependa kanuni. Alifungua kijitabu, akalamba kidole, akamsomea kwamba asiyevaa jezi ya timu yake hahesabiwi. Akamuuliza kama ana swali lingine.

Jumapili, siku ya fainali, iliamka na ukungu. Baridi ilikuwa ya kuuma vidole, na magari ya watazamaji yaliwasha taa mchana kweupe. Mdogo wake Spoki alikuja kwa miguu, mikono ameivingirisha vitambaa, akakaa kwenye kreti ya vifaa vya Fundi. Hakuwa na jezi, kwa hiyo alikuwa mkavu.

"Usijiue kwa ajili yangu, dada," alisema.

"Nani kakwambia ni kwa ajili yako? Mimi napenda kombe."

"Hata pa kuliweka hatuna."

"Tutaliweka juu ya kichwa chako."

Mdogo wake alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Mkurugenzi aliwasili mzunguko wa kwanza ukiwa katikati. Alivaa suti na kapelo ya kijani yenye jina la kiwanda, na dereva wake alimfuata na mwavuli mweusi. Wingu la rangi ya chai lilimkuta pale pale aliposhuka garini. Mkurugenzi hakuangalia juu. Dereva alifungua mwavuli, nao ukafanya kazi yake.

Saa nne na robo ukungu uliondoka, upepo ukageuka, na mvua ya kijani, kama watu walivyokwisha kuzoea kuiita kwa sababu ya jezi, ikawa mawe. Yalikuwa madogo, mepesi, yenye mkunjo. Yaligonga kofia ya Spoki kwa mlio wa punje za mahindi kwenye sufuria. Moja lilikwama kati ya mkono na breki, naye akalitazama. Ulikuwa ukucha wa mtu, wa manjano, wenye kipande cha nyama mzizini.

Alipanda mlima chini ya kucha. Ziliingia shingoni, zikashuka mpaka kiunoni, zikamkwaruza kila alipopiga pedali. Chini zilifanya tabaka, na gurudumu la nyuma likawa linateleza kama kwenye maganda ya karanga. Mwenzake mmoja wa jezi ya kijani alikaa kando ya njia, akakunja mikono, akasema yeye basi. Spoki alimpita. Alimpita pia yule aliyemshinda jana.

Kwenye kilele cha mwisho alikuwa peke yake mbele. Hapo aliifungua zipu ya jezi kufika kitovuni, na palepale kucha zikapungua, hewa safi ikampiga kifuani. Alivuta pumzi tatu ndefu. Ilibaki kuchomoa mikono miwili tu, jezi itoke. Alijiona jinsi alivyo, mtu mzima amejaa kucha za watu, na akajichukia kwa kujua tayari atakachofanya. Akaipandisha zipu mpaka shingoni, akaiachia breki, akashuka.

Alishinda kwa sekunde arobaini.

Mpiga picha aliomba hema lifagiliwe. Fundi alichukua fagio na beleshi, akakusanya kucha zikajaa ndoo mbili. Mdogo wake Spoki aliinama juu ya ndoo moja, akachakurachakura kwa ncha za vidole, akatoa ukucha mmoja mpana wenye ufa katikati. Akakifungua kitambaa cha mkono wa kulia. Kidole gumba chake hakikuwa na ukucha. Akauweka juu ya kidonda, ukakaa barabara, ufa na yote.

"Huu wangu, mzee," alimwambia Mkurugenzi. "Ulitoka Jumanne, kwenye pipa la tatu."

Mkurugenzi alisogea kidogo na mwavuli wake.

"Una uhakika? Kucha zinafanana."

"Wangu naujua."

"Basi afadhali umeupata," Mkurugenzi alisema. "Hongera, dada. Umetutoa kimasomaso."

"Mkurugenzi, yale ya ghalani," Spoki alisema. Manyoya ya jana yalikuwa bado kwenye meno yake, aliyahisi alipozungumza.

"Nimelikumbuka sana hilo. Tatizo ni kwamba kwenye mapipa nahitaji mtu mzoefu, na huyu anayajua kuliko wote. Nipe mwezi mmoja nilitazame." Akamgeukia Kocha. "Hizi jezi zinashika uchafu. Mashindano yajayo agiza zile zisizoshika."

"Sawa, bosi."

Walisimama kwa picha. Dereva alinyoosha mkono ili mwavuli umfunike Mkurugenzi na kombe. Kucha zilimwangukia Spoki usoni, na mpiga picha akamwomba atabasamu kwa mdomo uliofungwa.

Mwamuzi alijaza fomu. Kwenye sehemu ya hali ya hewa aliandika: jua, ukungu, vinginevyo. Akatia sahihi.

Jumatatu alfajiri anga ilikuwa nyeupe. Spoki alikuwa ameshapakia kreti za mikate alipomsikia mdogo wake akihangaika chumbani. Akaingia. Mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya dirisha amevaa ovaroli ya kazini, vitambaa vipya mikononi, akijaribu kufunga vifungo na vidole visivyoshika.

"Nifungie, dada. Nitachelewa zamu."

Alimfungia vifungo vyote saba, kuanzia chini. Cha juu kabisa kilikuwa kigumu, akakikaza hata hivyo, kwa sababu hapo ndipo maji ya mapipa hupenya. Kisha akamfungulia mlango, maana hakuweza kushika kitasa.