Chuma Kilichochoka

Uongozi wa Shamba la Mkonge la Kilulumo ulinipokea kwa heshima ambayo ushahidi haukuihitaji. Mawe yaliyopanga njia kutoka getini hadi ofisini yalikuwa yamepakwa chokaa mbichi. Sakafu ya kiwanda ilikuwa imefagiliwa, ikamwagiwa maji, ikafagiliwa tena. Na juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha maua palikuwa na kile nilichosafiri kuja kukichunguza: nusu ya shafti iliyovunjika, imesuguliwa kwa brashi ya waya hadi ikang'aa, kisha ikapakwa rangi ya kijani.

"Tumekuandalia, Mhandisi," alisema meneja, Bwana Tahiri, mtu mnene mwenye sauti ya upole. "Ilikuwa chafu mno. Grisi, kutu, haitazamiki mbele ya mgeni."

Nilimshukuru. Katika kazi yangu ya kuchunguza mashine zilizoharibika nimeshakutana na ushahidi uliotupwa, ulioibwa, na uliouzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu kule Ngamiani. Huu ulikuwa wa kwanza kupambwa kama bibi harusi.

Shafti hiyo ilikuwa imebeba ngoma ya korona. Kwa msomaji asiyeujua mkoa huu, korona ni mashine inayoponda majani ya mkonge na kuyatoa singa, yaani nyuzi zake, nayo ilikuwa ikiitwa hivyo miongo mingi kabla ugonjwa haujalidhulumu jina lake. Ngoma yenyewe ni pipa kubwa la chuma lenye mapanga butu kuzunguka mwili mzima. Asubuhi moja ya Ramadhani shafti ilikatika, ngoma ikaruka kutoka mahali pake, ikatoboa ukuta wa matofali, na katika safari hiyo ikamvunja mguu Imakulata, mama mmoja aliyekuwa akipanga majani kwenye mkanda.

Chanzo kilikuwa kimeshajulikana kabla sijafika. Mwendeshaji wa korona, Uweso, alikuwa amefunga. Aliyefunga, walinieleza, huchoka, aliyechoka husinzia, na aliyesinzia huiacha mashine ifanye ipendavyo. Kwa mantiki hiyo iliyonyooka Uweso alikuwa amesimamishwa kazi. Iliyobaki ilikuwa taarifa yangu tu. Ikiafiki, angefukuzwa na kukabidhiwa polisi kwa kumjeruhi mtu kwa uzembe.

"Nawe Bwana Tahiri, siku hiyo ulikuwa umefunga?" nilimuuliza.

"Astaghfirullah! Tangu nibaleghe sijala mchana wa Ramadhani."

"Na ulikuwa kazini?"

"Tangu asubuhi na mapema."

"Ulisinzia?"

"Mhandisi," alinijibu bila kutabasamu, "mimi ni meneja."

Nikaona kwamba upande wa tiba sina la kuongeza, nikarudi kwenye chuma. Chuma kinapokatika huacha nyuso mbili, na wenyeji wangu walikuwa wamepamba mmoja. Nusu ya pili ya shafti ilikuwa bado imeng'ang'ania ndani ya beringi.

"Hiyo ilitushinda kuitoa, ndiyo maana haina rangi," Bwana Tahiri aliomba radhi. "Wiki ijayo nayo tutaipaka."

Nilimsihi asijisumbue. Nikaagiza beringi ikatwe mbele ya macho yangu, shafti ikatolewa, nami nikakaa nayo nje kwenye mwanga, nikiutazama uso wake kwa lenzi.

Uso ule ulisomeka waziwazi. Ukingoni, chini ya kiraka cha kuchomelea, palikuwa na kidoa kidogo, na kutoka hapo mistari ilisambaa mmoja baada ya mwingine, kama ile ambayo bahari huiacha mchangani inapokupwa. Hivyo ndivyo chuma kinavyokufa pale kinapopindwa kidogo, kikaachiwa, kikapindwa tena, mara zisizo na idadi. Hupata ufa mwembamba, ufa ukajongea taratibu, hadi siku ile sehemu iliyobaki inaposhindwa na mzigo. Takriban uso mzima ulikuwa na kutu ya zamani. Pembeni tu palibaki kipande kilichong'aa, kisichozidi kiganja cha mtoto. Asubuhi ya ajali, ngoma nzima ilikuwa ikishikiliwa na kipande hicho na rehema za Mungu.

"Nani alichomelea hapa?"

"Fundi wetu," alisema Bwana Tahiri. "Shafti ilikuwa imelika kidogo penye beringi, tukaijaza."

"Kwa idhini ya nani?"

"Unajua, kiwanda hakiwezi kusimama katikati ya msimu."

"Sijakiulizia kiwanda."

Alikunja kitambaa cha maua, akakikunjua. "Yangu," alisema.

Nilimtembelea Imakulata wodini, mguu wake ukiwa umening'inizwa kwa kamba na jiwe. Wazazi wake walikuja kutoka Njombe kukata mkonge, naye akazaliwa kambini na kukulia humo. Nilimuuliza kama Uweso alikuwa amesinzia.

"Asinzie na ukelele ule?" alisema. "Alipiga ukunga, akaniita kwa jina la mwanangu, 'Tokeni! Mama Paulina, toka!' Wenzangu wote wakatoka. Mimi ndiye niliyeinama kuokota ndala."

"Kwa hiyo alikuwa macho?"

"Baba, pale pote kilicholala ni ndala yangu tu. Waambie hivyo wakubwa wako."

Niliandika taarifa kwa Kiswahili. Wako wenzangu wanaoamini kwamba jambo la kitaalamu likiandikwa kwa lugha ya watu hupoteza shahada yake. Mimi naamini kwamba mtu anayeweza kufungwa kwa ajili ya maandishi fulani anastahili kuyaelewa. Nikachagua kila neno kwa uangalifu, na nikakiri moyoni kwamba sentensi ile kuu ilikuwa safi: Chanzo cha ajali ni uchovu ulioanzia kwenye kiraka cha kuchomelea.

Baada ya siku chache nilipokea mwaliko wa kikao cha kamati ya nidhamu, ulioandikwa na ofisa utumishi wa shamba, Bi Loveness. Ulisema hivi: "Kwa kuwa mtaalamu amethibitisha kuwa chanzo ni uchovu, mtuhumiwa Uweso afike kutoa utetezi wake wa mwisho."

Niliusoma mara mbili. Nilikuwa nimemtia mtu hatiani kwa sentensi isiyo na kosa hata la mkato.

Kikao kilifanyika katika ofisi iliyopakana na kiwanda, ambako korona namba mbili ilikuwa ikiunguruma kiasi cha kutetemesha vioo vya madirisha. Ilibidi kila mjumbe apaze sauti, jambo lililoyapa hata maombi ya chai uzito wa hotuba. Mwenyekiti alikuwa Bi Anastazia, mwakilishi wa wamiliki, mwanamke mkavu mwenye miwani. Uweso aliketi kwenye kiti cha peke yake, kofia yake ya kiua mkononi, mtu wa makamo mwenye mabega ya mchukuzi.

"Mtuhumiwa," Bi Loveness alisoma kwa sauti ya juu, "unakubali kwamba ulikuwa na uchovu?"

"Bibie, mie nakubali nlikuwa na njaa," alisema Uweso. "Uchovu nimeusikia hapa."

"Lakini mtaalamu ameuona!"

"Ameuona wapi? Hata hatujapata kuonana."

Hapo niliomba nafasi. "Mwenyekiti, kilichochoka ni chuma."

Bi Anastazia aliinamisha miwani. "Chuma?"

"Chuma."

"Kinachokaje na hakina mishipa?"

"Labda Mhandisi ametumia lugha ya washairi," Bwana Tahiri alinisaidia. "Hawa watu wa shule za zamani wana Kiswahili chao."

Nilieleza. Nilieleza kupindwa na kuachiwa, nikaeleza ufa, nikaeleza kiraka. Wajumbe walinisikiliza kwa adabu ile ambayo watu huwapa wagonjwa. Nilipomaliza, Bi Anastazia alirudisha miwani mahali pake.

"Sawa," alisema. "Tuseme chuma kilichoka. Sasa, wakati kinachoka, Uweso alikuwa wapi asikipumzishe?"

Wajumbe wawili walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hoja ilikuwa imepatikana.

"Niandike uchovu wa pande zote mbili?" aliuliza Bi Loveness, kalamu tayari.

"Hapo sasa!" alisema Bwana Tahiri. "Mhandisi, tusivutane. Weka 'uchovu wa mwendeshaji na wa chuma.' Kila mtu atoke na chake."

"Uweso atatoka na pingu," nilisema. "Wewe utatoka na nini?"

Nikafungua mfuko wangu, nikatoa kipande cha mwisho nilichokuwa nimekikata kutoka ile nusu ya shafti isiyopakwa rangi, na kukitua mezani. Vikombe viliruka. Nikampa mwenyekiti lenzi, naye, tumpe haki yake, akainuka, akainama, akatazama kwa makini kuliko nilivyotarajia.

"Hii nyeusi ni nini?"

"Kutu. Mahali hapo palikuwa pameshapasuka. Maji ya majani yaliingia ndani ya ufa yakafanya kazi yake."

"Na hiki kinachong'aa?"

"Hicho ndicho kilichovunjika siku ya ajali. Hicho peke yake."

"Kutu ya namna hii inahitaji muda gani?"

"Miezi. Ufa huu ulikuwepo mwezi wa Ramadhani ukiwa bado haujaandama. Kama ni mfungo wa Uweso ulioupasua, basi mwaka huu alianza kufunga peke yake, akautangulia umma."

Uweso alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa kofia. "Wallahi Mhandisi, mie hata zile funga sita za Shawali, baada ya Idi, hunishinda."

Hata Bi Anastazia alitabasamu, na uso wa meneja ukazidi kuwa wa upole. Nilimweleza mwenyekiti kile alichoniambia Imakulata kuhusu ule ukelele. Kisha nikamwomba Bwana Tahiri akitaje mbele ya kamati kile alichonitajia mimi, juu ya idhini ya kiraka. Alikitaja. Alikitaja kwa maneno mengi, akitumia wingi, "tuliona", "tulishauriana", "ilionekana", lakini Bi Anastazia alimuuliza ni akina nani hao, na wote hao wakarudi kuwa mtu mmoja.

Azimio lilipita bila kura. Uweso hana hatia. Barua ya kumsimamisha inafutwa. Anarejea kazini mara moja, na kwa kuwa korona namba moja imekufa, atakuwa mwendeshaji wa namba mbili, ambako aliyeshikizwa hakuwa na uzoefu. Kuhusu Bwana Tahiri, kamati ilipendekeza apewe semina.

Nilikuwa nakusanya vitu vyangu pale vioo vya dirisha vilipotetemeka zaidi, nami nikajiuliza swali ambalo lingepaswa kunijia mapema.

"Bwana Tahiri, shafti ya hii inayounguruma, nayo ilijazwa?"

Aliitazama dari. "Ilijazwa."

"Lini?"

"Pamoja na mwenzake. Fundi alikuwa ameshatoa vifaa."

Nikageuka kwa mwenyekiti. "Isimamishwe sasa hivi, tuikague."

Bi Anastazia alivua miwani. Yale makini yote ya dakika chache zilizopita yalivuliwa pamoja nayo. "Mhandisi, uliitwa kwa ajili ya korona namba moja. Namba mbili haimo katika hadidu za rejea."

"Ufa hausomi hadidu za rejea."

"Na singa zimeshaahidiwa meli," aliongeza Bwana Tahiri.

"Wako akina mama kwenye mkanda ule, kama alivyokuwa Imakulata."

"Hakuna anayelikataa hilo," alisema mwenyekiti. "Tunasema tu lifuate utaratibu."

"Nadhani linaweza kuingia katika mengineyo," alishauri Bi Loveness. "Kikao kijacho."

Niliwaambia kwamba siku hiyohiyo ningewaandikia wakaguzi wa usalama kazini. Walisema lingekuwa jambo jema, nao wangesubiri maelekezo. Hakuna aliyekuwa na hasira. Nilikuwa na mamlaka ya kueleza kwa nini mashine imeua au kujeruhi. Ya kuizuia isifanye hivyo hayakuwa yangu, na sijui watu wenye busara waliogawa mamlaka hayo waliwaza nini.

Uweso alikuwa bado amesimama karibu na kiti chake.

"Mama mwenyekiti, samahani. Lile azimio limeshapita?"

"Limepita."

"Kwamba mie nimerudi kazini? Mwendeshaji wa namba mbili?"

"Ndiyo, ndugu yangu. Nenda kawape habari nyumbani."

"Mliandika 'mara moja'?"

Bi Loveness alitazama karatasi yake. "Mara moja, ndiyo."

"Ahsanteni sana."

Alivaa kofia, akatoka. Kupitia dirishani tulimwona akikatiza uwanja bila haraka, akiwapungia mkono akina mama wa kwenye mkanda, nao wakimpigia vigelegele, kwa kuwa walijua kikao kilikuwa chake. Bwana Tahiri alisema kwa moyo mweupe kwamba mfanyakazi mwema ni yule anayerudi kazini hata kabla ya kunywa chai. Uweso aliingia kiwandani, akamgusa begani kijana aliyeshika zamu yake, akamwonyesha pa kusimama.

Kisha sauti ya korona ilishuka. Ilishuka polepole, kama inavyoshuka ngoma nzito iliyoondolewa umeme, ikawa mlio, ikawa mkwaruzo, ikanyamaza. Akina mama walishuka kwenye mkanda, wakaketi juu ya majani. Uweso alikaa mbele ya swichi, mikono imekunjwa, mgongo wake umeielekea ofisi.

Vioo vya dirisha viliacha kutetemeka. Kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze tungeweza kusikilizana bila kupaza sauti.