Boneti Yenye Vuguvugu

...au labda ni jua, jua linapasha bati lolote lile, alijiambia, kiganja kimetulia juu ya boneti, ila jua gani tena na gari liko chini ya paa, na muuzaji mwenyewe anaapa, "Haijawashwa tangu jana mchana, mama, nilikuwa nakusubiri wewe tu," kijana mwenye adabu kweli, shikamoo yake iliwapokea hata hawajaingia langoni, akakimbia kuleta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe, akasaidia kumkalisha mzee, na hapo ndipo moyo wake ulipolegea, maana tangu mumewe apatwe na kiharusi ni nani mwingine aliyempangusia kiti... lakini kiti ni kiti na injini ni injini, na boneti hii ina joto, si la kuunguza, vuguvugu tu, kama sufuria iliyoepuliwa kitambo kidogo, "imetumiwa na mtu mmoja tu, mama, mwalimu mstaafu, ya kwendea ibadani na kurudi," ee, kila gari la mtumba lilikuwa la mwalimu mstaafu, jamani hao walimu wamesali kiasi gani, angekuwa na nguvu angecheka, kama alivyokuwa akicheka mumewe enzi zile, fundi wa injini ambaye oili haikumtoka kwenye kucha hata siku ya harusi, aliyemtoa matembezi ya kwanza, kumbe matembezi gani, mtu anakwenda kumkagulia mteja gari, na yeye kavaa viatu vya visigino katikati ya madimbwi ya oili, kanuna, mara akashikwa mkono, akadhani haya sasa mambo yameiva, mkono wenyewe ukaenda kuwekwa juu ya boneti, "Niambie, baridi au joto?" baridi, akajibu, kanuna vile vile, na bwana akafurahi kama kapewa zawadi, "Basi huyu muuzaji muungwana. Gari la kununua ulikute limelala, uliamshe mwenyewe, usikie linavyokohoa. Wakiliamsha kabla hujafika, wamekuficha kikohozi"... na huyu kaliamsha, kaliamsha halafu anamwita mama, "Sikiliza, mama, kuna mtu anakuja mchana huu huu, mimi nakuonea huruma wewe na mzee," ah, kizuri chajiuza, mwanangu, alitaka kumwambia, lakini akajizuia, kwa sababu analitaka, Mungu anajua analitaka gari hili leo, asimwone tena mumewe akipelekwa mazoezini mgongoni kwa jirani, kafumba macho njia nzima, mwanamume aliyekuwa akiinua giaboksi peke yake, anafumba macho ili asione nani anamwona, na usiku hasemi kitu, hata vile vineno vilivyobaki hasemi, hata likiwa na kikohozi, si mradi linatembea... na likizimika barabarani je, mvua inanyesha, magari yanapiga honi, atabebwa tena, mbele ya macho ya watu wote, na safari hiyo aliyempandisha humo ni nani kama si yeye, mkewe, aliyeona joto kwa kiganja chake akaliita jua... loo, amechoka, ndiyo ukweli, amechoka kuamua peke yake, mpaka amezoea, anamjibia kwa daktari, anamjibia kwa wageni, chai hataki sukari, hataki wakati hajamuuliza, na leo kamleta kwenye magari, yeye na magari yake, akamkalisha kule kivulini kama mzigo ili aende kununua, ulimi ndio uliolemaa, masikio hayakulemaa, mkono wa kushoto haukulemaa, mgonjwa kala, mgonjwa kalala, siku hizi ndilo jina lake hilo, hata kinywani mwa mkewe mwenyewe, aibu iliyoje, akageuza shingo bila kuinua kiganja, na kule kitini mumewe alikuwa akimtazama, si uso, anautazama mkono wake pale juu ya boneti, tangu lini sijui, na ile nusu ya mdomo iliyo hai imepanda kidogo, ndilo tabasamu lile lile la siku ya madimbwi, anasubiri jibu, mpenzi wangu wee, anasubiri jibu, baridi au joto, na machozi yakamjia mwanamke wa watu kwenye uwanja wa magari, bila soni, "Nikuwashie usikie, mama?" kijana keshashika ufunguo, anatabasamu, na kiganja bado kiko pale pale, na vuguvugu bado lipo.

"Usiliguse," akasema. "Kwanza nisaidie tusogeze kile kiti hapa. Nataka fundi wangu aliguse."